Mnawasha hita lini? Mimi nipo nyuzi 16 na bado nagoma

Mgumu wa Kuwasha (mleta mada)

Wakuu, salama?

Majani yameanza kupukutika, jua linatukimbia mapema, na leo alfajiri nimekanyaga sakafu ya bafuni nikaruka kama nimekanyaga kaa la moto. Kipimajoto cha sebuleni kinasoma nyuzi 16. Na bado sijawasha.

Nieleze kidogo msije mkaninanga. Mimi na mke wangu kila mwaka tuna ligi isiyo na kombe. Yeye anataka hita iwashwe siku ya kwanza tu akiona kioo cha gari kimeganda. Mimi nina tarehe yangu kichwani, na kabla ya tarehe hiyo mtu asiguse kitufe. Mwaka jana niliivuka kwa siku nne, nikatamba mwezi mzima.

Mwaka huu nimeanza kuyumba. Ndani kuna mtoto wa miezi minane. Wiki ijayo mama mkwe, miaka 70 na ushei, anakuja kukaa nasi mpaka baridi iishe. Na mimi mwenyewe, niseme ukweli, usiku nalala na kofia.

Mfumo ni boila ya gesi inayopasha maji na kuyapeleka kwenye rejeta sita, yale mabati ya ukutani yanayotoa joto. Nyumba ni ya matofali, ya zamani, madirisha yana vioo viwili viwili kasoro chumba cha nyuma ambacho kina kioo kimoja.

Wajuvi, mnaangalia nini kabla ya kuwasha? Tarehe? Kipimajoto? Bili? Au mnasubiri mama watoto anune?

Nawasilisha.

Kiti Moto

Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

Bi Blanketi

Mgumu, yaani ligi unaicheza na mtoto wa miezi minane ndani? Washa, baba. Tarehe hailali na wewe.

Mgumu wa Kuwasha

Mtoto ana nguo tatu, bibie.

Bi Blanketi

Na pua yake umeivika ngapi?

Kaskazi

Kwangu tarehe haina kazi. Kipimo changu ni kiti. Nikikaa saa nzima nimetulia, nimevaa sweta na soksi, na vidole bado vya baridi, nawasha. Ila nawasha jioni tu, kwa muda wa saa mbili au tatu hivi, halafu nazima. Huo mtindo unanibeba wiki tatu nne kabla baridi yenyewe haijashuka.

Muuguzi wa Zamu

Niongelee upande wangu, mengine wataongea mafundi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa makazi na afya mwaka 2018, na kwa nchi zenye baridi kiwango walichopendekeza ndani ya nyumba ni nyuzi 18. Wakasema wazi kwamba kwa wazee, watoto na wagonjwa inaweza kuhitajika zaidi ya hapo. Kwa hiyo mkuu na 16 yako uko chini ya mstari, hata kama wewe mwenyewe unajiona ngangari.

Mama mkwe ndiye wa kumwangalia kuliko wote. Mtu akizeeka mwili unachelewa kuhisi baridi. Utamkuta amekaa kimya kitini, ukimuuliza anakwambia "sijambo mwanangu," ukimshika mkono ni wa baridi kama bomba. Baridi inabana mishipa, presha inapanda, moyo unafanya kazi ya ziada. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo ni dharura ya hospitali. Usimuulize kama anasikia baridi. Mpimie chumba.

Mtoto naye, hapa nitawashangaza: chumba cha kulala mtoto mchanga kinachoshauriwa ni nyuzi 16 hadi 20. Hatari yake kubwa usingizini ni kuzidishiwa joto, siyo kukosa. Usimlundikie mablanketi, usimlaze na kofia, usisogeze kitanda chake karibu na rejeta. Ukitaka kujua hali yake mguse kifuani au shingoni kwa nyuma. Viganja vya mtoto huwa vya baridi tu hata akiwa mzima.

Bi Blanketi

Kofia usimvishe mtoto. Baba yake ndiye anayelala nayo.

Mgumu wa Kuwasha

Nimekoma.

Hesabu za Fundi

Mkuu Mgumu, kipimajoto peke yake kinakupa nusu ya habari. Nusu nyingine ni unyevu, yaani hewa imeshiba maji kwa asilimia ngapi. Nivumilieni, bandiko ni refu.

Hewa ya joto inabeba maji mengi, ikipoa inayatema. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke. Ya nyuzi 10 inabeba gramu 9 na kitu tu. Sasa nyie humo ndani mnapumua, mnapika, mnaoga, na nguo za mtoto mnaanika ndani kwa sababu nje hazikauki. Fuo moja lililotoka kwenye mashine linaachia kama lita 2 za maji hewani. Maji hayo hayaendi popote. Yanazunguka nyumba nzima yakitafuta mahali pa baridi kuliko pote yakatue: kioo kwanza, halafu kona ya ukuta wa nje, halafu nyuma ya kabati ambako hewa haipiti.

Chukua chumba chenye nyuzi 16 na unyevu asilimia 70. Kitu chochote humo chenye nyuzi 10 na nusu au chini ya hapo kinatoka jasho. Na ukungu, ule wa kuvu unaoota ukutani, wala hausubiri jasho. Unyevu kwenye uso wa ukuta ukikaa juu ya asilimia 80 kwa siku kadhaa, mbegu zake zinaanza kushika. Ukuta wa nyuma ya kabati unaweza kuwa na nyuzi 12 wakati wewe uliyeshika kipimajoto katikati ya chumba unajisifu una 16.

Kwa hiyo mimi nina namba mbili. Joto likikaa chini ya 18 siku mbili tatu mfululizo, mchana kweupe, siyo alfajiri tu, nawasha. Au unyevu ukigoma kushuka chini ya 65 hata baada ya kupitisha hewa, nawasha hata kama sijaanza kusikia baridi.

Na kupitisha hewa siyo kuacha dirisha wazi kidogo kutwa nzima. Hapo unapoza kuta bure. Fungua madirisha yote, ya pande mbili, dakika 5 hadi 10, funga. Watu hawaamini nikiwaambia hewa ya nje ya baridi ni kavu, hata kukiwa na mvua. Hewa ya nyuzi 5 iliyoshiba maji kabisa ina gramu 7 hivi kwa mita ya ujazo. Iingize ndani, ipashe mpaka 20, unyevu wake unasoma chini ya asilimia 40. Lakini angalia neno hilo: ipashe. Usipopasha, umebadilisha tu hewa ya baridi kwa hewa ya baridi.

Bwana Mita

Maelezo mazuri, ila wakuu hakuna aliyegusa mfuko. Mleta mada anagoma kwa sababu ya bili, hasemi tu. Kila siku anayochelewesha ni faida yake.

Hesabu za Fundi

Faida ipo Bwana Mita, ila ni ndogo kuliko anavyodhani. Tupige hesabu.

Nyumba inapoteza joto kulingana na tofauti ya ndani na nje. Wiki hizi nje kuna wastani wa nyuzi 12, tuseme. Akitaka 18 ndani, tofauti ni 6. Tuseme anachelewesha wiki mbili: siku 14 mara 6 ni 84. Na humo kuna msaada wa bure: jua la dirishani, friji, jiko, na miili yao, maana mtu aliyetulia anatoa kama wati 100 za joto. Ndiyo maana wanaokokotoa matumizi ya nishati hawaanzi kuhesabu kwenye joto la ndani. Uingereza wanahesabu kuanzia pale nje inaposhuka chini ya 15.5, Marekani chini ya 65 za Fahrenheit, yaani 18 na kitu. Ukitoa msaada huo, ile 84 inashuka mpaka 50 hivi, au chini ya hapo.

Sasa baridi yenyewe ikiingia, tuseme siku 120, akiweka themostati (kile kidude cha kupangia joto) 21 badala ya 20 kwa sababu tu mtu fulani alipita akaisogeza, hiyo nyuzi moja mara siku 120 ni 120. Umeona? Anateseka wiki mbili na kofia kichwani, halafu nyuzi moja ya kizembe inameza alichookoa mara mbili na chenji.

Anayetaka kuokoa ashughulikie namba atakayoiweka msimu mzima. Nje kukiwa 5, kushuka kutoka 20 kwenda 19 kunapunguza tofauti kutoka 15 hadi 14. Hiyo ni karibu asilimia 7 ya joto lote, na hakuna aliyelala na kofia.

Mgumu wa Kuwasha

Fundi umenivua nguo hadharani. Miaka yote natamba na siku nne, kumbe.

Msomaji Kimya (mwanachama mpya)

Samahani kuingilia. Mkuu Mgumu, unyevu wa chumba cha nyuma umewahi kuupima? Na hilo kabati la kijani umewahi kulisogeza uone nyuma yake?

Mgumu wa Kuwasha

Sijawahi. Nitaagiza hicho kipimo cha unyevu kesho. Nitaleta mrejesho.

Kaskazi

Swali la kando. Kuna jamaa huwa anasema ukishawasha usizime kabisa, acha iwake chini chini kutwa kucha, eti kupasha nyumba iliyopoa kunakula gesi zaidi kuliko kuiacha vuguvugu. Kweli au porojo?

Hesabu za Fundi

Kwa boila ya kawaida ni porojo. Nyumba iliyopoa inavuja joto kidogo kwa sababu tofauti na nje imepungua. Unacholipa kuirudishia joto hakizidi ulichookoa ilipokuwa imepoa. Kama hamko nyumbani kwa muda wa saa nane, shusha. Ila usishushe mpaka kuta zikapoa kabisa, maana mkirudi hewa itasoma 19 na bado mtajikunyata. Mwili unasikia baridi ya kuta, siyo ya hewa tu.

Mwenye pampu ya joto, ile mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani, asinifuate kwenye hilo. Pampu inafanya kazi vizuri ikipeleka maji ya uvuguvugu taratibu kwa muda mrefu. Ukiizima kutwa halafu jioni ukaikimbiza ipandishe nyuzi 5 kwa saa moja, inabidi ichemshe maji sana na ubora wake unaanguka. Hiyo ipangie joto moja na uiache, au ushushe nyuzi moja mbili tu usiku.

Na porojo nyingine niimalize hapa hapa: kupandisha themostati mpaka 28 hakuharakishi joto. Boila haijui una haraka. Inachojua ni lini isimame, na wewe umeiambia isisimame.

Bwana Mita

Hapo kwa 28 umenigusa nyumba nzima.

Mimi sina gesi, nina hita za umeme, niongezee langu. Wauzaji watakwambia hita hii ya mafuta, hii ya feni, hii ya kioo, inakula kidogo kuliko ile. Uniti moja ya umeme ikiingia kwenye hita inatoka uniti moja ya joto, iwe hita ya sura yoyote. Ya wati 2000 ukiwasha saa 5 ni uniti 10, basi. Tofauti ni joto linakwenda wapi. Nikiwa peke yangu mezani natumia ile inayomulika mwili, sihangaiki na chumba. Usiku blanketi la umeme, wati 100 hivi, linanitosha kabisa na chumba kipo 16. Ndiyo maana mimi nawasha hita ya chumba wiki mbili nyuma ya wenzangu na sijinyimi kitu.

Muuguzi wa Zamu

Blanketi la umeme ni kwa mtu mzima mwenye akili zake. Mtoto hapana kabisa. Na mzee aliyepoteza hisia miguuni, kwa mfano mwenye kisukari cha muda mrefu, anaweza kuungua na asijue.

Pita Njia

Nilikuwa napita tu ila mmenikumbusha kitu. Kuna sehemu mtu hata haulizwi anawasha lini. Urusi, kwenye majengo yanayopashwa na mtambo wa mji, joto linafunguliwa wastani wa nje ukikaa chini ya nyuzi 8 siku tano mfululizo. Siku tano, ili baridi ya siku moja isiwadanganye. Beijing wana tarehe: 15 Novemba mpaka 15 Machi, na baridi ikiwahi wanaweza kuwahisha. New York mwenye nyumba anabanwa na sheria kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Mei: mchana nje ikiwa chini ya 55 za Fahrenheit, ndani lazima iwe angalau 68, ambayo ni nyuzi 20 zetu. Usiku 62, hata nje kukoje.

Mimi naiga ya Warusi ile ya siku tano, ila naangalia usiku badala ya wastani. Usiku tano mfululizo nje ikishuka chini ya 8, nawasha bila majadiliano. Kabla ya hapo ni sweta.

Kaskazi

Hiyo ya siku kadhaa mfululizo nimeipenda. Kuna ile baridi ya siku mbili inakuja, watu wote wanawasha, halafu jua linarudi wiki nzima mnafungua madirisha na rejeta zinawaka.

Hesabu za Fundi

Inategemea na nyumba pia. Nyumba ya mawe au matofali mazito inabaki na joto la kiangazi kwa siku nyingi, inachelewa kupoa. Ila ikishapoa, kuirudisha ni shughuli. Nyumba ya mbao au ya kuta nyepesi inafuata hali ya nje ndani ya saa chache, na ukiwasha inaitika hapo hapo. Ya Mgumu ni ya kundi la kwanza. Akisubiri mpaka kuta zipoe kabisa, siku ya kuwasha ataona kama boila imekufa: saa nne zinapita, kipimajoto kimepanda nyuzi moja.

Mgumu wa Kuwasha

Wakuu, mrejesho.

Kipimo cha unyevu kimefika jana. Sebuleni: nyuzi 16, unyevu 68. Nikasema si mbaya. Nikakipeleka chumba cha nyuma, ambacho ndicho tunamwandalia mama mkwe, nikakiacha usiku kucha. Asubuhi: nyuzi 14, unyevu 78. Kioo chote kimelowa, maji yamechuruzika mpaka kwenye fremu yakatengeneza kidimbwi.

Nikakumbuka kabati. Nikalivuta. Zito, linalia sakafuni. Wakuu, ukuta wa nyuma ulikuwa na doa kubwa kama ramani, rangi ya kijivu inayoelekea weusi, lina manyoya. Mgongo wa kabati wenyewe, ule ubao mwembamba, nikiubonyeza kwa kidole unabonyea kama karatasi iliyolowa. Ndani kulikuwa na koti langu la harusi. Harufu yake sitaielezea.

Siku nne nilizotamba nazo mwaka jana zimenila koti.

Bi Blanketi

Pole. Nacheka lakini pole.

Muuguzi wa Zamu

Usimlaze mtu kwenye chumba hicho mpaka umeusafisha ukuta na umekauka. Ukisafisha vaa barakoa na glavu, dirisha wazi, mlango wa ndani umefungwa, mtoto awe mbali. Usiusugue mkavu, utautawanya. Na kabati likirudi, liache nafasi ya kiganja kizima kati yake na ukuta. Bora zaidi lihamie ukuta wa ndani.

Mgumu wa Kuwasha

Sawa dada. Basi leo jioni nawasha. Naweka 21 ili nikaushe chumba haraka.

Mkono wa Bomba

Subiri kwanza! Usiwashe jioni ya leo.

Mimi kazi yangu ndiyo hii, na wiki ya kwanza ya baridi ndiyo silali. Boila imekaa kimya tangu msimu uliopita. Ikigoma utagundua saa tatu usiku na mafundi wote tumeshikwa. Washa asubuhi, siku ambayo bado si ya baridi kali. Kusema kweli ulitakiwa kuijaribu mwezi uliopita, dakika 10 tu, pampu izunguke. Pampu isiyozunguka miezi sita hunata.

Kabla ya kuwasha, soma geji ya presha. Ikiwa ya baridi mara nyingi inatakiwa isome kati ya bar 1 na 1.5. Washa, subiri nusu saa, pita ukishika rejeta moja moja. Ya joto chini na baridi juu ina hewa: zima mfumo, acha ipoe, weka kitambaa chini, fungua skrubu ndogo ya juu pembeni kwa ufunguo wake robo mzunguko. Itapiga mluzi, itatema tema, ikianza kutoa maji yasiyokatika, funga. Halafu rudi kwenye geji, maana presha itakuwa imeshuka. Ya joto juu na baridi chini ina tope, hiyo niite. Harufu ya vumbi kuungua dakika za kwanza usiiogope. Pazia refu linalofunika rejeta likunje liishie juu yake, la sivyo unapasha dirisha.

Mambo ya bomba la moshi na moto wenyewe usiguse. Hayo ni ya fundi mwenye leseni ya gesi, mara moja kwa mwaka.

Kimbunga Tulivu

Hapo kwenye fundi wa leseni naomba niseme, sijawahi kuisimulia hii mahali.

Nyumba niliyopanga zamani, mwenye nyumba aliniambia boila imekaguliwa. Baridi ikaja, nikawasha. Kila jioni kichwa kinanigonga, kichefuchefu kidogo, nikasema ni uchovu wa kazi. Nikifika kazini saa mbili asubuhi, kichwa kimepona. Wikiendi nikishinda ndani kinauma kutwa. Wiki mbili hivyo. Rafiki alikuja kunitembelea, akakaa saa moja na nusu, akasema, "Mbona na mimi kichwa kimeanza?" Tukaangaliana. Tukafungua madirisha tukatoka nje bila viatu.

Moto wa boila ulikuwa wa njano, na mimi siku zote hizo nauona naona unapendeza. Ukaguzi wenyewe haukuwahi kufanyika.

Mkono wa Bomba

Mungu alikupenda. Wasiojua: hiyo ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, inatokana na kitu chochote kinachoungua bila hewa ya kutosha. Gesi, kuni, mafuta ya taa, mkaa. Moto mzuri wa gesi kwenye boila ni wa bluu. Ukiona njano tupu, masizi pembeni, au watu wawili ndani ya nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja na wakitoka nje kinapoa, zima, fungua, toka, piga simu ya dharura. King'ora cha kuigundua ni kitu kidogo cha kubandika ukutani. Kinunuliwe kabla ya sweta.

Na jiko la mkaa lisiingie ndani kupasha chumba. Hata dakika tano. Hata mlango ukiwa wazi. Nimeitwa nyumba ambazo sikuwa na cha kutengeneza.

Kiti Moto

Uzi umegeuka shule. Nimetoka siti ya mbele nimekwenda kuangalia moto wangu. Bluu.

Hesabu za Fundi

Mgumu, na hiyo 21 nayo iache. Anza 18, nyumba nzima, siku mbili. Kuta zikishika joto panda 19, na chumba cha mama 20. Vyumba msivyotumia usizime rejeta kabisa, acha angalau 15 na mlango ufungwe. Mkifunga chumba kikawa cha baridi halafu mlango ukawa unafunguliwa funguliwa, mvuke wa jikoni wote utakimbilia huko na tutarudi kwenye ramani ya ukutani.

Mgumu wa Kuwasha

Wakuu, mrejesho wa mwisho.

King'ora kimebandikwa. Nimewasha jana saa tatu asubuhi, siku tisa kabla ya tarehe yangu. Geji ilisoma 0.7, nikajaza mpaka 1.3. Rejeta nne zilishika vizuri, mbili zilikuwa na hewa. Ya sebuleni ilipiga mluzi mtoto akacheka, ikabidi nifungue ya chumbani mara mbili zaidi ya ilivyohitaji ili acheke tena.

Kuta zilichukua kutwa nzima kama fundi alivyosema. Saa nne za mwanzo 16 ikawa 17, basi. Leo asubuhi sebule 18.5, unyevu 57. Chumba cha nyuma 18, unyevu 61, kioo kina ukungu wa mvuke kwenye kona tu. Ukuta nimeuosha, nasubiri ukauke. Kabati limehamia ukuta wa ndani. Koti nimelitoa nje, sijui nilifanyeje.

Mke wangu hajasema kitu. Amepita, ameshika rejeta, ameguna, ameendelea na safari yake. Hiyo guno ninaijua.

Shukrani kwa wote, na wewe Msomaji Kimya kwa ushauri wa kabati.

Bi Blanketi

Ngoja kwanza. Nimerudi nimesoma uzi wote toka juu. Mgumu, hakuna mahali uliposema kabati lako ni la kijani.

Kaskazi

Hahahaha, na mimi nimerudi kuangalia. Kweli hakuna.

Mgumu wa Kuwasha

Msomaji Kimya?

Msomaji Kimya

Shusha hiyo ya chumbani kwetu iwe 17, tunalala tu. Na kofia yangu uirudishe droo ya juu.